Wafanyakazi wa Tangi la Pili

Asteria wa Nyahanga, mjini Kahama, ni Mama Kulwa kwa watu wote. Hapendi uchafu hata kidogo. Ukimkuta asubuhi anafagia uwanja, ujue ni mara ya pili.

Nyuma ya nyumba ana kiwanda kidogo cha mtindi. Alfajiri wafugaji huja na madumu ya maziwa, wakimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama!"

"Mwangaluka! Leteni, leteni, maziwa hayasubiri."

Maziwa huchemshwa, hupozwa na kugandishwa. Kisha huja kazi ya kuosha masufuria, madumu na sakafu.

Maji ya kuoshea hayamwagwi ovyo. Yana mabaki ya maziwa, na maziwa yakiozea mtaroni, utahama mtaa. Kwa hiyo hupita kwanza kwenye matangi mawili ya saruji. La kwanza hukamata mafuta. La pili lina mashine ndogo inayopuliza hewa ndani ya maji. Yakitoka hapo si ya kunywa, lakini hayamkeri mtu. Aliyemwelekeza kuyajenga ni Wema, binti anayeshughulikia majitaka katika mgodi mmoja kule Geita.

Tangi la pili lilimkera sana Mama Kulwa. Maji yake yalikuwa ya kahawia, yana matope na mapovu. Siku moja akasikia kwamba wageni wanakuja kutembelea viwanda vidogo.

"Aibu gani hii! Waje wakute matope kwangu?"

Akabeba ndoo nzima ya klorini, dawa ile ya kusafishia sakafu, akaimimina yote tangini. Maji yakapauka. Roho yake kwatu.

Wageni walikuja, wakasifu, wakaenda zao. Wiki haikuisha, maji ya mtaroni yakawa meupe. Na harufu yake, jamani, usiombe!

Paskalia, jirani yake na balozi wa nyumba kumi, alikuja ameziba pua kwa khanga.

"Mama Kulwa, wali wangu unanuka mtaro wako! Ujirani wetu ni wa siku nyingi, lakini mimi ni balozi. Harufu hii isipokwisha mwezi huu, mtaa utakufungia kiwanda."

Nyumba yote ya Mama Kulwa inakula kwa kiwanda hicho. Akampigia Wema simu, na Jumamosi Wema akafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie. Mashine inapuliza vizuri tu, sijui kumetokea nini."

Wema alichota maji, akayanusa. "Mama, uliweka dawa humu?"

"Nilisafisha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ndoo."

Wema akajishika kichwa. "Mama, umewaua wafanyakazi wako."

"Mimi? Nimemuua nani?"

"Bakteria. Ni vijidudu vidogo mno, jicho halivioni. Hula mabaki ya maziwa, na ile hewa ni pumzi yao. Matope ya kahawia yalikuwa kundi lao lenyewe. Klorini haichagui mdudu mbaya na mzuri, huua wote. Hata mgodini wapo bakteria wanaokula sayanaidi, sumu ya kutolea dhahabu, iliyobaki kwenye maji. Nao tunawatunza, maana sumu ikizidi wanakufa."

Mama Kulwa akatazama jikoni, ambako kibuyu cha marehemu mama yake kilikuwa kinaning'inia.

"Wema, kibuyu kile hakijaguswa na sabuni tangu nizaliwe. Mama alisema ukikiosha kwa sabuni, maziwa yatakataa kuganda."

"Basi waliomo kibuyuni ni ndugu wa hawa."

"Lo! Kibuyu nakijua, tangi nikalisugua kama choo!" Akacheka huku machozi yanamtoka. "Sasa nifanyeje?"

"Kibuyu kikiharibika, unaanzaje upya?"

"Naomba mbegu ya mtindi kwa jirani."

"Na tangi ni hivyo hivyo."

Machinjio ya mjini yalikuwa na tangi kama lile. Wakavaa glavu na buti, wakaomba pipa moja la matope, wakayamimina tangini. Sostenes, mume wa Mama Kulwa, alitaka maji yote ya kuoshea yaingie siku ile ile.

"Haraka haraka haina baraka," Mama Kulwa akamkatalia. "Ndama mchanga humpi debe la pumba."

Akapunguza maziwa aliyopokea, akaongeza kidogo kidogo. Maji ya kuoshea sakafu, yenye klorini, akayatenga kwenye pipa wazi hadi dawa iishe nguvu. Taratibu matope ya kahawia yakarudi, naye akayafurahia kuliko sakafu inayong'aa. Kabla mwezi haujaisha, harufu ilikuwa imekwisha kabisa.

Asubuhi moja Paskalia alibisha hodi. Khanga ilikuwa kiunoni, na mkononi ana kikombe. Tangu harufu ianze hakuwa ameomba kitu katika nyumba ile.

"Mama Kulwa, maziwa yangu yamegoma kuganda. Nigawie mbegu."

"Ya kibuyuni au ya tangini?"

"Ya kibuyuni, mwanamke wewe! Na usinichanganyie!"

Wakacheka mpaka Paskalia akatafuta kigoda cha kukalia.