Mistari Mitatu ya Mwantumu

Mwantumu wa kijiji cha Mtua alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akipeleka mahindi kusagisha, alilifuata gunia lake kwa macho mpaka unga wa mwisho utoke. Akiazimisha ungo, aliukagua ukirudi. Mumewe, Yasini, alishazoea.

"Wewe hata kivuli chako utakipekua," alimtania.

Mwezi wa saba mikorosho ikatoa maua. Ubwiriunga nao ukabisha hodi, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua kabla korosho hazijashika. Dawa yake ilikuwa salfa, na salfa hupulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Mashine ya Mwantumu ilikuwa inakohoa na kuzimika. Ikabidi aipeleke kwa fundi Edina, Nachingwea mjini.

Kabla ya kuipeleka, alichukua sindano. Akachora mistari mitatu midogo kwenye bakuli la kabureta, kile kikombe kinamokaa petroli.

"Mafundi hawa," alimwambia Yasini, "wakiona kifaa kizima wanakitia mfukoni, wewe wanakufungia kibovu."

Mashine ilirudi ikiunguruma vizuri hata akasahau kuikagua alama yake. Siku ya nne ikaanza kukohoa tena, maana vumbi la salfa lilikuwa limeingia. Safari hii Mwantumu hakwenda kwa fundi. Alikuwa akitengeneza sabuni za kuuza, na nyumbani kulikuwa na maji ya kostiki, ile soda kali ya sabuni. Kama soda inakata mafuta yote, itashindwa na kabureta? Akalifungua bakuli bila kulitazama sana, akalitumbukiza humo, akaenda kulala.

Asubuhi alilitoa kwa kijiti. Lilikuwa jeusi, limejaa vishimo. Mistari mitatu haikuwepo.

"Yasini! Edina kanibadilishia!"

"Una hakika?"

"Alama yangu iko wapi?"

Kufikia saa nne, Mtua nzima ilikuwa na habari. Jirani yake Hadija, aliyekuwa amefunga mashine yake tayari kwenda kwa Edina, akaifungua kamba.

Mwantumu alipanda bodaboda ya Imrani mpaka Nachingwea. Alimkuta Edina na wateja wawili.

"Mama Zulfa, karibu," Edina alimwita kwa jina la mwanawe. "Habari za Mtua?"

"Mbaya. Nirudishie bakuli langu. Hili si langu."

Wateja waligeuka. Edina alifuta mikono, akaligeuza lile bakuli jeusi.

"Uliliosha kwa kitu gani?"

"Usinigeuzie maneno. Kwa maji ya kostiki."

"Kumbe." Edina alivuta pumzi. Shutuma ile ilimuuma, na hakuficha. "Mama Zulfa, umeniita mwizi mbele za watu. Na mimi nitakujibu mbele za watu hawa hawa."

Akatoa bakuli zima kwenye mashine iliyokufa. "Chora alama yako. Halafu tuliloweke kwenye soda."

Mwantumu alimtazama kwa jicho la pembeni. "Soda nitanunua mwenyewe."

Akaenda sokoni, akanunua. Akarudi, akachora mistari mitatu kwa mkono wake. Edina alivaa glavu na miwani, akaikoroga soda kwenye ndoo ya plastiki, nje, mbali na watu.

"Usisogee, inaunguza ngozi na macho. Imrani, zima sigara! Povu litakalotoka lina hewa inayoshika moto. Na nyumbani msijaribu kabisa."

Bakuli lilipoingia, maji yalichemka yenyewe. Yakafoka, yakatoa povu. Mwantumu alikaribishwa chai, akaikataa. Hakuyabandua macho yake kwenye ndoo ile, asije mtu akabadilisha.

Baada ya muda mrefu Edina alilitoa kwa koleo, akalisuuza. Lilikuwa jeusi, na juu yake hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Kabureta ni aluminiamu," alisema Edina. "Soda haioshi aluminiamu, inaila. Imekula bakuli lako, ikaila na alama yako."

Aibu ilimpanda Mwantumu mpaka masikioni.

"Fundi," alisema mwishowe, kwa sauti ya kusikika na wote, "mwizi alikuwa soda. Na aliyemwingiza ndani ni mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa vuta stuli, maua hayasubiri mtu."

Edina alimfungia kabureta nyingine, kisha akamfundisha kuiosha.

"Kwanza mashine ipoe. Kaa nje, mbali na jiko. Futa vumbi la salfa kabla hujafungua, la sivyo litaingia ndani. Kila unachokifungua, kipange kwenye sinia kwa zamu yake."

"Na nioshee nini?"

"Mafuta ya taa kidogo, na mswaki wa zamani wenye nywele laini. Usitumie msasa wala steliwaya, vinakwangua."

"Hiki kitundu kikiziba? Nichokoe kwa sindano yangu?"

"Sindano yako ipumzike! Ukikitanua, petroli itapita nyingi kupita kiasi. Puliza kwa pampu ya baiskeli, na macho uyakinge. Vipande vya mpira usiviloweke, vifute tu kwa kitambaa. Kila kitu kikauke ndipo ufunge. Na mafuta machafu usimwage chini, yatie kwenye chupa, uandike."

Mwantumu aliosha kwa mkono wake, Edina akimwangalia. Kamba ilipovutwa mara ya pili, mashine iliitika.

Jioni hiyo, kabla hata ya kuingia kwake, alipita kwa Hadija. "Funga tena mashine yako, upeleke kwa Edina. Nilimsingizia." Alipita nyumba zote alizozipitia asubuhi. Ilimchukua muda, kwa sababu asubuhi alikuwa amepita nyingi.

Salfa ilipulizwa kwa wakati. Maua yakashika, na korosho zikajaa matawini.

Msimu uliofuata, Mwantumu alirudi kwa Edina na mashine ile ile. Ilikuwa safi, haijawahi kugomea shambani.

"Nimeileta uikague tu. Naiacha, nitaifuata kesho."

"Unaiacha?" Edina alishangaa. "Na mistari umeichora wapi safari hii?"

"Sijachora."

Edina akamtazama kwa jicho la pembeni. Akafungua bakuli, akaligeuza juu, akaligeuza chini, akalipeleka kwenye mwanga. Lilikuwa linang'aa, na halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.