Nitukane Nibaki Hai

Kila asubuhi mkasi ulikutwa wazi. Mkataji wa nguo, dada mmoja wa duka la ushonaji, aliufunga jioni, akauzungushia lastiki mara tatu, na asubuhi aliukuta mezani umeachama, lastiki imekatwa. Lawama zikamwendea fundi cherehani wa meza ya pili, maana ndiye aliyelaumiwa kwa kila kitu, hata kwa mvua.

"Wewe ndiye unayechezea mkasi wangu, uso wa kandambili!"

"Ningeugusa ningeunoa kwanza. Unakata mikono ya mashati kama umefumba macho."

Miaka mitano walikuwa hawaivi chungu kimoja, na wateja walikuja mapema kuwasikiliza.

Siku moja mpiga pasi alimsifia mkataji kwa gauni lake. Naye akajibu kwa upole, "Asante kaka yangu, wewe una moyo mzuri." Hapo hapo chumba kikajaa harufu ya nywele zinazoungua. Pasi ikainuka peke yake, ikamshukia yule bwana usoni, ikatulia hapo mpaka alipoacha kupiga kelele. Alipona, lakini hakurudi kazini.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya mleta vitambaa. Mkataji alimwambia tu, "Karibu tena, nitakungoja." Mkasi uliruka kutoka mezani ukamwingia shingoni, akafia juu ya satini nyeupe ya bi harusi wa watu. Polisi waliuchukua mkasi. Ukanunuliwa mwingine, na kesho yake nao ulikutwa wazi.

Shangazi yake mkataji akampeleka kwa mganga, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Ni jini mahaba," alisema. "Ana wivu, na mimi simuwezi. Ila moyoni haoni. Anasikia tu. Mwanamume ukimpa neno jema, umemuua."

Mafundi wengine walikimbia duka. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyebaki, akamkuta mwenzake chini ya meza ya kukatia, analia kwa kwikwi. Mkataji akamhadithia yote. Fundi alikaa sakafuni, akafikiri sana.

"Kumbe miaka yote hii ulikuwa unaniweka hai, mshenzi wewe."

Mkataji akacheka huku machozi yakimtoka, na katika kicheko hicho akajua kwamba anampenda, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Ondoka hapa," alinong'ona. "Sitaki kukuona."

"Niende wapi na cherehani mbovu hii? Nitukane, nitakaa."

Wakapendana kwa matusi. Siku ya ndoa, alipoulizwa kama amekubali, bi harusi alijibu, "Sina la kufanya, wengine wote walikuwa wamekwisha," na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kisha mchana mmoja, duka likiwa wazi, sindano ya cherehani ilimchoma mume kidole, naye mkewe, bila kufikiri, kama mtu yeyote angefanya, akasema, "Pole."

Neno moja tu. Harufu ya nywele ikaingia, mkasi ukapaa, ukamng'ata mume mkono wa kulia, vidole viwili vikaanguka kwenye vipande vya nguo, na kitu kisichoonekana kikambamiza ukutani na kumkaba huku mkasi ukipanda kifuani, ukipanda shingoni, na mkewe akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, "Mjinga! Mnuka jasho! Sikutaki, sikuwahi kukutaka, kufa nipumzike!" akirudia, akirudia, huku ndani ya roho yake akiomba asisikilizwe, hadi mkasi ukaanguka.

Tangu hapo hakukosea. Alimuuguza kwa matusi, akamlisha kwa matusi, na mume aliyapokea yote kama mtoto anayebembelezwa.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja dukani alikuwa akimfunga vifungo vya shati, kwa kuwa vidole vilivyobaki havikuviweza.

"Simama wima, nyani mzee wewe," alimwambia, sauti ikimlainika.

Mume akatabasamu. Mke naye akatabasamu, akamnyooshea kola, na mkono wake ukakawia hapo kidogo.

Alikuwa ametoa tusi tupu, bila neno hata moja la upole. Lakini harufu ya nywele ikawafikia wote wawili kwa pamoja, na nyuma yao, mezani, lastiki ikakatika.