Siri ya Kwenye Kiti cha Mama

Kila alipotoka shule, Chanuo alipitia kwanza saluni ya mama yake. Alivua viatu mlangoni, akachukua ufagio na kukusanya nywele zilizozagaa sakafuni. Jina la Chanuo alipewa na wateja, kwa sababu tangu utotoni ndiye aliyekuwa akimpokeza mama yake machanuo na vibanio, hata kabla hajaombwa. Jina lilikolea, likamfuata mpaka shuleni.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili vikubwa na harufu ya mafuta ya nywele isiyotoka hata madirisha yakifunguliwa. Upande wa nyuma kulikuwa na pazia, kwa ajili ya wateja wasiopenda kutazamwa. Wanawake waliosukwa pale walizungumza kila jambo: mashemeji zao, magonjwa yao, waume zao. Mama alisuka huku akiitikia, "Ehee." Wakishaondoka, hakurudia hata neno moja.

"Mtu akikupa kichwa chake, amekupa na yaliyomo," alimwambia binti yake. "Sisi tunafagia nywele, na maneno tunayafagia vilevile."

Jioni moja, wateja wakiwa wamekwisha, aliingia Mwalimu wa Sayansi. Shule nzima ilimsifu kwa nywele zake ndefu, nyororo, zilizomwagika mabegani. Alimsalimia mama kwa sauti ya chini, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia.

"Chanuo, niletee maji ya uvuguvugu," mama aliita.

Chanuo aliingia na beseni, akasimama kama aliyegandishwa. Zile nywele ndefu zilikuwa mapajani mwa mwalimu. Lilikuwa wigi. Kuanzia kwenye paji la uso mpaka juu ya masikio, mwalimu hakuwa na hata unywele mmoja. Ngozi iling'aa, na pale ilipokuwa gundi ya wigi palikuwa na vidonda vidogo. Mwalimu alimwona, akainamisha macho.

"Asante, mwanangu," alisema taratibu.

Siku chache baadaye, wakati wa mapumziko, wasichana walimzunguka mwenzao waliyemwita Malkia. Alikuwa amesukwa rasta mpya, zimekazwa mpaka nyusi zimepanda.

"Nikifumua hizi, mama ataniwekea dawa, nywele zinyooke kama za Mwalimu wa Sayansi," Malkia alisema. Kisha akamgeukia Chanuo. "Wewe na hizo pilipili zako, hata chanuo lenyewe likikuona linakimbia."

Wenzake walicheka. Chanuo alijishika kichwa chake chenye nywele fupi za kipilipili, akahisi macho yanamwasha kwa machozi. Mara maneno yakamtoka.

"Zile si nywele zake. Ni wigi. Chini ana upara, nimeona mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Wote walimsogelea. Mmoja alimshika mkono, mwingine akamgawia muhogo wake, na Malkia akampisha kwenye benchi. "Hebu tueleze vizuri," alisema. Chanuo akaeleza. Kwa mara ya kwanza alikaa katikati yao, na muhogo ule ulikuwa mtamu.

Kesho yake utamu uliisha. Walipoingia darasani baada ya mapumziko, mtu alikuwa amechora ubaoni kichwa kilichong'aa kama yai, chenye miwani kama ya mwalimu. Mwalimu wa Sayansi aliingia, akautazama mchoro, akachukua kifutio na kuufuta polepole mpaka ubao ukawa safi. Alifundisha kipindi chote. Hakumtazama Chanuo hata mara moja. Chanuo aliona ingekuwa afadhali angetazamwa, hata kwa hasira.

Siku iliyofuata mwalimu hakuja shule. Iliyofuata, vilevile.

Chanuo alishindwa kula. Saluni alifagia mahali pale pale mpaka mama akamnyang'anya ufagio.

"Sema, mwanangu. Sakafu imekukosea nini?"

Alisema yote, hata habari za muhogo. Mama alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," alisema. "Dole utalifunga kitambaa. Neno utalifunga na nini?"

"Tutafanyaje, mama?"

"Utakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi nitakuwa nyuma yako, lakini mdomo utakuwa wako."

Mwalimu aliwafungulia mlango wa nyumba yake akiwa amefunga kitambaa kichwani. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa. Chanuo alishika bilauri kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu. Ni mimi niliyesema. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nilijua ni wewe," mwalimu alijibu. "Nisichokijua ni kwa nini."

"Walikuwa wananicheka nywele zangu."

Mwalimu alishusha pumzi, akamvuta karibu na kupitisha vidole kwenye nywele zake. "Nilikuwa nazo hivi hivi, nzito, zimejikunja. Nilichekwa kama wewe. Nikaomba kuwekewa dawa, ikaniunguza, nikavumilia. Nikasuka rasta za kubana, nikaota vipele, nikavumilia. Zilipoanza kunyonyoka nikaficha kwa wigi na gundi, na gundi ikamalizia zilizobaki. Niliambiwa urembo ni kuvumilia, nami nikaamini."

"Na mimi nina sehemu yangu," mama alisema. "Nilikushauri uache gundi, lakini uliposisitiza nikakubandikia wigi. Nilipaswa kukataa."

"Kesho nitakuja kufundisha," mwalimu alisema.

Alikuja na kilemba cha bluu. Mwalimu alichora ubaoni unywele na mzizi wake ndani ya ngozi, akaeleza jinsi mzizi unavyochoka ukivutwa kila siku, na jinsi dawa kali inavyoweza kuunguza ngozi. "Haya yalinipata mimi," alisema. "Mlicheka. Leo nataka mjifunze."

Hakutaja jina la mtu. Ndipo Chanuo aliposimama.

"Mimi ndiye niliyetoa siri ya mwalimu. Nilikosea. Nimemwomba msamaha, na nyinyi pia naomba msiendelee kuisema."

Hakuna aliyecheka. Baada ya muda Malkia aliinua mkono nusu nusu.

"Mwalimu, hizi rasta zangu zinauma. Hata kulala nalala kifudifudi."

Mwalimu alimkagua. Kandokando ya uso kulikuwa na vipele vilivyotunga usaha. "Zifumuliwe leo leo," alisema, "na vipele visipokauka, mama yako akupeleke zahanati."

Jioni hiyo Malkia na mama yake walikuja saluni. Mama yake Chanuo alifumua upande mmoja, Chanuo upande wa pili, wakiloanisha kwa maji na mafuta. "Hapo taratibu," Malkia alinong'ona, naye Chanuo akalegeza mkono. Rasta ya mwisho ilipofunguka, Malkia alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Zile pilipili," alisema baadaye, bila kumtazama. "Nilisema vibaya."

"Yameisha," Chanuo alijibu.

Wiki iliyofuata, Mwalimu wa Sayansi alimwita Chanuo amsaidie kubeba madaftari. Walitembea pamoja hadi ofisini. Mlangoni mwalimu alisimama.

"Mama yako ananipaka mafuta tu siku hizi, na ngozi imetulia," alisema. "Mahali pengine nywele zitaota tena. Mahali pengine hazitaota, kwa sababu mzizi umekufa. Imani ya mtu kwako ni hivyo hivyo, mwanangu. Ukiikosea na ukawahi kutubu, huota tena. Usiivute mpaka mzizi ukafa."

"Imani yako kwangu imekufa, mwalimu?"

Mwalimu alitabasamu, akampa ufunguo wa kabati lake.

"Nenda kaniwekee madaftari haya."