Uso wa Anselmi Juu ya Ubao

Siku ile Anselmi aliondoka asubuhi kwenda kutazama mahindi yake ng'ambo ya mto Mkondoa. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha milimani. Jioni maji yalileta magogo, mbuzi mfu na kofia yake. Yeye mwenyewe hakuonekana tena.

Mkewe, Hildegarda, alibaki kijijini Mabwerebwere na mama mkwe wake, Bibi Teresia. Nyumbani palikuwa na picha moja tu ya Anselmi. Ilikatwa kutoka gazetini, nayo ilipigwa siku wanakijiji walipojitolea kuchimba msingi wa zahanati. Alisimama mbele, ameshika sururu, kovu lake likionekana kwenye shavu la kushoto.

Hildegarda alikoroga uji mzito wa unga wa muhogo. Akaibandika picha kwa uji huo kwenye ubao, akautundika ukutani.

Siku chache baadaye, ukingo wa picha ulikuwa umeliwa. Kisha sururu ikatoweka. Kisha mkono. Taa ikizimwa, mkwaruzo mdogo ulisikika ukutani.

"Anaondoka kidogo kidogo," alisema Bibi Teresia. "Uso ukiisha, hatutamwona tena."

Sauti ya mumewe ilikuwa imeanza kumtoka Hildegarda masikioni. Uso nao ukienda, angebaki na nini?

Akamwendea jirani yake, Gaudiosa, aliyefundisha kisomo cha watu wazima. Gaudiosa alizoea kuhamishia picha za magazeti kwenye mbao za kufundishia.

"Shikamoo, mama," Gaudiosa alimsalimia Bibi Teresia alipoingia kwao.

"Marahaba, mwanangu. Tazama mambo yetu."

Gaudiosa aliugeuza ubao. Mende wakatawanyika.

"Mwenzangu, umewapikia uji," alimwambia Hildegarda. "Ulidhani watalala njaa?"

"Basi tuibandue."

"Itachanika. Tutachukua wino, karatasi tuwaachie wao. Lete mshumaa, kijiko, karatasi laini na pasi ya mkaa. Tapentaini ya kuyeyushia rangi ninayo. Ila tujaribu kwanza picha nyingine. Hii haina ya pili."

Walijaribu tangazo la sabuni. Pasi ilikuwa na moto mkali mno, nta ya mshumaa ikatiririka, picha ikaharibika.

"Bora iungue sabuni kuliko mume," alisema Gaudiosa. Hildegarda akacheka, kisha akajiziba mdomo.

Walipoirudia picha ya Anselmi, walikaa uani, maana tapentaini hushika moto upesi. Gaudiosa alisugua mshumaa kwenye karatasi laini mpaka nta ikaenea. Kwa kitambaa, akaipangusa picha na tapentaini kidogo sana ili wino ulainike. Akangoja harufu ipungue. Kisha akailaza karatasi ya nta juu ya picha, na Hildegarda akasugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, bila kuisogeza.

Waliifunua. Uso ulikuwa pale kwenye nta, wa kijivu, kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Lakini kovu lilikuwa shavu la kulia.

Bibi Teresia alirudi nyuma. "Huyu si mwanangu. Huyu ni yule anayetutazama kutoka majini." Akajifunika uso kwa khanga.

Hata Hildegarda aliona macho yale hayamjui.

"Mama, umewahi kuutazama mhuri wa mwenyekiti wa kijiji?" aliuliza Gaudiosa. "Herufi zake zimegeuka. Ukigongwa kwenye karatasi, zinakaa sawa. Picha ikihama mara moja, hugeuka. Ikihama mara ya pili, hurudi."

"Na asiporudi?"

"Utanilaumu mimi."

Chupa ya tapentaini ikapelekwa mbali kabla pasi haijaletwa. Hildegarda alikuwa ameupiga msasa ubao mpya hadi ukateleza. Wakailaza karatasi ya nta kifudifudi juu yake, wakaifunika kwa karatasi safi. Hildegarda aliikandamiza pasi ya vuguvugu, akainyanyua, akaikandamiza tena. Hakuiburuza. Wakaacha vyote vipoe, naye Bibi Teresia akakaa ameupa ubao mgongo.

Karatasi ilipobanduliwa, Hildegarda alisema, "Mama, geuka."

Bibi Teresia aliweka kidole kwenye kovu, shavu la kushoto.

"Umechelewa," aliuambia ubao.

Mto Mkondoa haujamrudisha Anselmi. Ubao wake uko chumbani, mbali na jua na jiko, kwa sababu nta huyeyuka. Ukishika vumbi, Hildegarda huupangusa kwa kitambaa kikavu.