Kikwembe cha Ndoa Juu ya Mawe Meupe

— Unamuangalia nini ule mama vile? Utamukula na macho, Christa alimwambia rafiki yake Jemima kwa sauti ndogo.

Wao na wanakwaya wenzao wa Butembo walikuwa wamefika chini ya mlima, nje kidogo ya Beni, na sasa walikuwa wakifunga viatu na kutaniana. Mbele yao mwanamke mrefu, kiongozi wa njia aitwaye Godelive, alikuwa akieleza habari za Mawe Meupe. Alisema mawe ya chokaa yana meno, yanakata soli. Alisema mvua imeyala tangu zamani, hata mlima umekuwa mtupu ndani kama mzinga, na kwamba ndani ya pango kila mtu atashika mkono wa aliye mbele yake. Wanakwaya walisikiliza. Jemima aliangalia kilemba cha yule mwanamke tu.

Kilikuwa cha kikwembe, kile kitenge cha sare ya ndoa ya Jemima mwenyewe.

Hakikuwa cha kufanana. Kilikuwa kile kile, kijani chenye ndege weupe. Familia ya mchumba wake, Éliakim, waliagiza kitambaa hicho kwa ajili ya watu wa ukoo wao peke yao, na kwa kuwa Jemima ni mshonaji, kila nguo ilipita mikononi mwake. Aliikumbuka nguo moja. Shangazi yake Éliakim alileta robe kuukuu, gauni la kuchukulia vipimo, la mwanamke mwenye mikono mirefu kuliko kawaida, akasema ni ya ndugu mmoja tu wa familia. Jemima alikata, akashona, akaituma pamoja na vipande vilivyobaki. Leo mikono ile ilikuwa mbele yake, inaonyesha njia.

Simu ililia. Ujumbe wa Éliakim: "Chérie, rudi. Ku mulima kuko nyoka. Tutaenda siye wawili kisha ndoa."

Jana alisema kuko wezi. Juzi alisema mvua.

— Anakuogopesha na nyoka? Christa alisoma juu ya bega lake. Yeye mwenye anakimbiaka mende?

Jemima alizima sauti ya simu, akajisukuma mpaka akawa nyuma ya Godelive kabisa. Walipanda kati ya miti iliyokumbatia mawe kwa mizizi. Mahali pengine kijito kilizama ndani ya mwamba, kisha kikasikika chini ya miguu yao, kinapita gizani. Wengine walisimama kusikiliza. Jemima alikuwa akihesabu mambo ya Éliakim ya mwezi mzima: safari zake za ghafla kwenda kwa baba yake, mtaani Mulekera, simu alizopokelea nje, shangazi walionyamaza yeye alipoingia. Kama alikuwa na mwanamke mlimani, ukoo wote ulijua.

Ndani ya pango Jemima aliushika mkono wa Godelive. Walinong'ona, kwa kuwa walikatazwa kuamsha popo.

— Kilemba yako ni muzuri, Jemima alisema. Kikwembe ulipata wapi?

— Ni ya ndoa. Éliakim, mudogo ya bwana yangu, anaoa mwezi hii. Balinishonea na robe.

— Bwana yako iko wapi?

— Alikufa.

Godelive alizungumza bila kuficha, kama mtu anavyozungumza na mgeni atakayeondoka jioni. Mume wake ndiye aliyeongoza wageni hapa, ugonjwa ukamchukua mwaka juzi, naye akaishika kazi ile ili watoto wapate kula. Sasa baba mkwe, Papa Manassé wa Mulekera, ameamua kwamba Éliakim akimaliza kuoa amchukue pia mjane wa kaka yake, awe bibi wa pili, ili watoto na mashamba visitoke kwenye ukoo.

— Éliakim alisema nini?

— Alikubali. Unanifinya mukono, dada.

— Na bibi-arusi?

— Éliakim aliambia papa eti bibi-arusi amekubali.

— Na weye?

— Mimi? Balikuja kuchukua robe ya kupimia. Kuniuliza, hakuna mutu aliniuliza.

Walitokea upande wa pili, kwenye mwanga mkali na mawe meupe mpaka macho yanauma. Jemima hakuuachilia ule mkono.

— Mimi njo ule bibi-arusi.

Godelive alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akaketi juu ya jiwe. Jemima alitafuta uongo usoni mwake, asiuone.

— Donc bametudanganya siye wawili, Godelive alisema.

Jemima alipiga simu pale pale, akaweka sauti wazi ili wote wasikie.

— Niko juu ya mulima. Na Godelive.

Maneno yalimtoka Éliakim kwa haraka: bila hivyo baba angekataa kutoa mbuzi wa mahari, yeye alisema ndiyo kwa mdomo tu, angepata njia baada ya ndoa. Aliomba waongee jioni.

— Hapana jioni. Papa yako iko wapi?

— Iko hapa ku lupango, inje ya nyumba. Anachambula maharagi.

— Alors nenda kwake. Usikate simu. Umuambie mi sikukubali kitu, na weye hautachukua bibi ya kaka yako. Niko nasikiliza.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi.

Jemima alimpenda Éliakim. Kama angeyasema maneno yale, hata kwa kutetemeka, angemsamehe kabla ya kushuka mlima. Wanawake wawili waliinamia simu moja. Christa alisogea naye kusikiliza. Walisikia hatua, kuku akifukuzwa, kisha sauti ya mzee.

— Éliakim, mbona unapumua vile? Kuko nini?

Punje zilikuwa zikidondoka kwenye sahani.

— Hakuna kitu, papa. Nilipita tu kukusalimia.

Jemima akakata simu.

— Pengine ameogopa tu, Christa alisema.

— Ameogopa. Na ile woga njo ningeolewa nayo.

Godelive alisema kesho atashuka Mulekera kumwambia baba mkwe hapana, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Christa aliuliza kama ndoa basi imekufa.

— Éliakim iko na mwenye kumuchagulia, Jemima alijibu. Amuchagulie mwingine.

Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke. Simu yake ililia, ikalia tena, ni Éliakim. Ilipotulia, Jemima alimpigia baba yake huko Butembo.

— Papa, batu ya Éliakim bakileta mbuzi, usipokee.

— Unalia? Kuko nini, mwanangu?

— Kuko kitu, papa. Ikala chini kwanza, nikuambie.