Kitambaa Chini ya Jiwe

Wavu wa chuma ndio uliowakutanisha. Ilikuwa mwaka 2016, katika soko kuu la Lilongwe, pale kwenye daraja la mbao ambapo watu hupita wakisukumana. Kabibi, fundi cherehani kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alikuwa amevaa gauni lake la kitenge cha njano, lile la kanisani. Kijana mmoja akampita na wavu begani, ncha ya waya ikanasa mkono wa gauni na kuuchana mpaka kwenye kiwiko.

"Pardo, mama."

"Mama ya nani? Mi nilikuzaa?" Kabibi akamgeukia. "Kitenge yangu utaishona we?"

Kijana akacheka kwa kusikia Kiswahili cha kwao Kongo. "We ni mutu ya Uvira. Mi ni Lwaboshi, wa Bukavu. Tuko wote Dzaleka."

"Ndiyo nikusamehe juu ya ile? Na wavu ni ya samaki gani?"

"Ya kuchekecha udongo. Kuna bazungu banachimba kule mulimani, kaskazini. Banatafuta batu ba zamani, benye balikuwa banawinda na kulala chini ya majiwe, mbele ya mutu kujua kulima."

"Bamekufa zamani, munabatafuta ya nini? Hata siye bazima hakuna mwenye anatutafuta."

Lwaboshi akakosa jibu. Kwa hilo tu Kabibi akampenda, maana wanaume aliowajua hawakukosa jibu hata siku moja.

Akiwa kazini, kila jioni Lwaboshi alipanda juu ya mwamba kutafuta mtandao ampigie Kabibi, mpenzi wake sasa.

"Sheri, leo tumepata shanga. Bale batu ba zamani balitengeneza na ganda ya yai ya mbuni. Kadogo kama mutama."

"Niletee."

"Siwezi, ni ya serikali."

"Basi niletee we mwenyewe."

Kabibi akamshonea kitambaa cha kufutia jasho, akadarizi majina yao mawili kwa uzi mwekundu. Lwaboshi alikitia mfukoni kila siku.

Msimu wa kuchimba ukaisha. Wachimbaji hao wana desturi yao: kabla ya kufukia shimo, huweka chini kitu cha siku hizi, ili watakaochimba baadaye wajue kwamba wenzao walishafika. Kwa kawaida ni sarafu. Lwaboshi akaomba aweke kitambaa. Akakilaza kando ya mifupa iliyoachwa chini ya jiwe kubwa kungoja msimu ujao, kisha akapiga simu kwa furaha.

"Nimetuweka pale, sheri, siye wawili. Miaka elfu ikipita, batatusoma."

"Iko na mifupa ya mutu pale?"

"Iko, lakini ni ya zamani sana."

Kabibi akakata simu. Kwao, anayetaka kukuua huchukua jina lako akalifukia na maiti. Hakuna asiyelijua hilo. Na wiki ileile mama yake, Mama Olga, alikuwa kitandani akikohoa damu. Katika chumba cha maombi waombezi wakamwambia: kuna jina la nyumba yenu liko udongoni. Akili zikamruka.

Lwaboshi aliporudi kambini, alimkuta mlangoni.

"Enda uitoe," Kabibi akasema. "Mama akikufa, ni we umemuua. Na mi usinijue tena."

"Kabibi, ile ni upendo niliweka."

"Basi upendo yako inaua batu."

Alfajiri Lwaboshi akapanda basi la kaskazini bila kibali cha kutoka kambini.

Miaka hiyo nchini Malawi watu wenye ualbino walikuwa wameuawa ili mifupa yao ifanyiwe uchawi, na vijiji vilikuwa na hasira. Wanawake waliokwenda kutafuta kuni wakamwona mgeni chini ya mwamba, mifupa magotini, wakapiga yowe, na kijiji kikamvamia kwa mawe na fimbo. Polisi walimkuta angali hai, lakini jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Mahakamani kitambaa kikaonyeshwa kuwa ni dawa ya uchawi. Alisema mifupa ni ya watu wa kale, na mzungu ambaye angemthibitishia alikuwa ameshapanda ndege. Akafungwa miaka mingi.

Mama Olga akafa. Daktari alisema ni kifua kikuu, tena cha siku nyingi. Kabibi alisikia aibu kiasi kwamba siku ya mazishi hakuweza kuinua uso.

Baadaye akaenda gerezani, amevaa nyeusi ya msiba, amebeba nsima, ugali wa huko, na maharage. Lwaboshi alikuwa amekonda.

"Ilikuwa kifua kikuu," Kabibi akasema. "Haikukuwa kitambaa."

"Nilijua."

"Ulijua, na ulienda? Juu ya nini?"

"Ulikuwa unaogopa. Nilitaka uache kuogopa."

Kabibi akalia, wala hakujificha. Alimpenda mtu huyu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwangamiza. Kisha akasema, "Unioe."

"Mi? Na jicho moja, na miaka yote hii? Tafuta mwanaume, Kabibi. Ungali kijana."

"Sijakuuliza miaka."

Askari akaita kwa Kichewa kwamba muda umekwisha. Lwaboshi akainuka, akafika mlangoni, akasimama, akamgeuzia lile jicho moja.

"Siku ya ndoa," akasema, "usivae nyeusi."