Lango la Blaise

Rafiki yangu Blaise, wa hapa Likasi, aliitunza pikipiki yake kuukuu ya mbio kama ilivyotoka kiwandani. Mkewe, Germaine, aliitambua sauti yake tangu mbali na kumfungulia lango, akiburuta kandambili zake. Tangu tumzike, kila jioni Blaise alingoja nje injini ikinguruma, kisha akafungua mwenyewe.

"Yaya, weka bomba mupya ya moshi, hii iko kimya sana!" mdogo wake Yannick, anayemwita kaka yake yaya, alimtania.

"Hapana. Acha vile iko."

Juzi Yannick aliiazima kwenda kununua mkate. Umeme ukakatika. Blaise, peke yake ndani, alisikia pikipiki ikikaribia, halafu komeo la lango likivutwa.

"Merci, yaya, kwa kunifungulia!" Yannick aliita.

Blaise alikuwa bado ameketi. Kandambili zilirudi kutoka langoni, zikampita gizani bila kusimama, zikaishia jikoni.